Mjumbe Asiyesalimia Njiani

"Hii ni mara ya nne, Eufrasia, na nimehesabu," Kudura alisema. Mkono mmoja kiunoni, mwingine ameelekeza barabarani. "Jumatatu kisimani. Jumanne pale dukani kwa Mhindi. Jana mbele ya mlango wangu mwenyewe, nimeshika ufagio. Na leo tena. Mume wako ananiona vizuri tu, halafu ananipita kama anapita kichuguu."

Eufrasia alikuwa upande wake wa uzio, ameinamia sufuria anaisugua kwa majivu. Akajibu taratibu kwamba Pastory hana dharau na mtu, ila yuko chini ya agizo.

"Agizo la nani?"

"La Injili."

Kudura akachekea puani. Akasema mume wake Nassibu anaswali swala tano na anafunga mwezi mzima, na katika miaka yote hiyo hawajasikia habari za Mungu anayekasirika mtu akisema hujambo. Halafu akaanza kuorodhesha. Walipohamia Nyasura, nani aliwapa moto wa kwanza? Nani aliwaonyesha kisima ambacho maji yake hayana chumvi? Eufrasia alipolala na homa siku tatu, nani alimpikia uji? Yote hayo Eufrasia aliyajua, na sisi majirani tuliokuwa tunachambua mboga karibu karibu hapo tuliyajua pia, ila Kudura akishaanza kuhesabu wema wake haruki hata mmoja.

"Basi mwambie," akamalizia, "siku nyumba yake ikiwaka moto asije akaniita. Maana kuita mtu nako ni kumsalimia."

Eufrasia akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Tukimwangalia tuliona kwamba hata yeye lile agizo halikuwa limemwingia vizuri.

Huyu Pastory alikuwa mtu wa kisiwa cha Rukuba. Baba yake mvuvi, kaka zake wavuvi, na yeye mwenyewe alikuwa amezaliwa kuvua, mpaka padri mmoja alipopita kisiwani akamwona anasoma maandishi kwenye gunia la unga na kumchukua Musoma. Akakaa misheni miaka miwili, akabatizwa, akamwoa Eufrasia, akapewa kazi ya ukatekista. Mwaka wa hamsini na moja, baada ya Krismasi, wakaletwa Bunda, hapa kwetu Nyasura, na Padri akamwambia waziwazi: mpaka Pentekoste awe amepata watu wa kuanza mafundisho, iwe Bunda au kule Butiama ambako hakukuwa na mwalimu. Asipopata, nafasi itapewa mwingine na yeye arudi kwao. Padri hakusema kwa ubaya. Walimu walikuwa wachache na mahali pa kwenda palikuwa pengi.

Lakini kurudi Rukuba, kwa Pastory, lilikuwa jambo la kumnyima usingizi. Kaka zake walimsindikiza mpaka kwenye mtumbwi siku ile anaondoka, wakamwambia, "Haya, umeacha furu na kamongo, unakwenda kuvua watu. Tutakuja kuangalia kikapu chako." Na wale si watu wa kusahau mzaha wao wenyewe.

Sasa, mtoto wa mvuvi ana tabia yake. Fundo la wavu likikosewa kidogo, samaki wanapita. Kamba ina urefu wake, jiwe la wavu lina uzito wake, na baba hakuulizi unaonaje. Pastory alilelewa hivyo, na akasoma Injili hivyohivyo. Jioni moja mwezi wa nne akafika kwa Luka, sura ya kumi, pale ambapo Bwana anawatuma wanafunzi wake wawili wawili, akiwaagiza wasibebe mfuko wala mkoba, wasichukue viatu, na wakiwa njiani wasimsalimie mtu. Pastory akasoma mara tatu. Akavua makubazi yake akayaweka juu ya dari. Mkoba wake akautundika ukutani. Na asubuhi yake akatoka, akampita Kudura kisimani.

Kwa sisi watu wa huku, salamu si neno moja ukalitupa. Unasimama. Unauliza nyumbani, unauliza watoto, ng'ombe, mvua imenyesha upande gani, na yule mgonjwa wa juzi ameamkaje. Mwenzio naye anakuuliza hayohayo, hata kama mlionana jana. Ndipo mnaachana, na kila mmoja ana la kwenda kusimulia. Mtu anayepita bila salamu tunamjua kwa sababu tatu: amelewa, au ameiba, au ana jambo baya dhidi yako. Iko sababu ya nne, nitaisema baadaye, maana hapa Bunda tumechanganyika sana na ya nne tumeisahausahau.

Pastory hakuwa mlevi. Kwa hiyo watu wakagawanyika kati ya zile mbili zilizobaki.

Alikuwa amejenga banda la nyasi na kuweka magogo ya kukalia. Kabla ya lile agizo, watu sita saba walikuwa wanakuja kusikiliza, wengine kwa sababu ya kivuli tu. Baada ya agizo, wiki ya kwanza wakaja wawili. Ya pili akaja bibi mmoja kiziwi. Ya tatu akakaa yeye na Eufrasia, na kuku wa jirani. Pastory hakukata tamaa, akaona hiyo ndiyo dalili kwamba yuko kwenye njia yenyewe. Akamwambia mkewe kwamba hata Bwana mwenyewe watu walimkataa.

"Yeye walimkataa baada ya kuongea nao," Eufrasia akasema.

Hilo alitusimulia Eufrasia mwenyewe, baadaye sana, mambo yalipokwisha kutulia. Alisema Pastory alimjibu kwamba Bunda ni mji, na watu wa mjini mioyo yao ni migumu, atakwenda Butiama. Ilikuwa imebaki wiki moja na nusu tu kabla ya Pentekoste. Eufrasia akamtajia Tereza, mwanamke aliyebatizwa pamoja naye Musoma, ambaye aliolewa upande ule, karibu na Mwitongo, kwa mzee mmoja anaitwa Makongoro. Mume wa Tereza, Machage, mtoto wa huyo mzee, alikuwa Kenya, anachuma chai Kericho. Hapo angalau palikuwa na mlango mmoja wa kuugonga. Akambembeleza avae makubazi, maana ni safari ya kutwa nzima na njia ina miiba. Pastory akakataa. Akachukua Injili yake tu, akaifunga kwenye kitambaa, akaondoka jogoo la kwanza.

Eufrasia akangoja mpaka kulipokucha. Akayashusha makubazi, akazunguka uzio, akaenda mwenyewe kwa Kudura. Nassibu alikuwa anafunga vitambaa kwenye baiskeli, maana Jumamosi hupelekaga biashara upande wa Butiama. Eufrasia akaomba yale makubazi yasafirishwe. Kudura akamwangalia, akayapokea, akayafunga yeye mwenyewe nyuma ya mzigo, kamba mara mbili. Ndivyo Kudura alivyo. Akikukasirikia, anakukasirikia huku anakufanyia.

Yaliyofuata tumeyapata kwa Nassibu, na mengine kwa Tereza, na Nassibu ni mtu anayeongeza chumvi, lakini haya hakuhitaji kuongeza.

Ile sababu ya nne ni hii. Kuanzia Nyamuswa kwenda Butiama, wakati ule, mtu akifia mbali, ukoo unachagua mjumbe mmoja wa kupeleka habari nyumbani kwake. Mjumbe yule habebi kitu. Havai viatu. Hanywi maji ya mtu. Na njiani hasalimii, kwa sababu akikusalimia utamuuliza habari, na hapo itambidi aidha akudanganye, aidha wewe wa njiani ulijue kabla ya mama wa marehemu. Anachoruhusiwa kuuliza ni kimoja tu: nyumba ya fulani iko wapi. Ukimwona unasimama pembeni, unamwonyesha, na akishapita unafunga safari umfuate, maana kilio hakiachiwi watu wachache.

Rukuba jambo hilo halipo. Kisiwani habari ya kifo inakuja na mtumbwi, na watu wote wako ufukweni, wanaiona pamoja. Pastory hakujua. Nani angemwambia? Alikuwa hasalimiani na mtu.

Basi alipopita Nyamuswa, peku, mikono mitupu isipokuwa kile kifurushi kidogo kwapani, akamkuta mwanaume analima. Akajiwazia kwamba kuuliza njia si kusalimia. Akauliza, "Kwa Makongoro ni wapi?"

Yule mwanaume akaliachia jembe. Akaonyesha kwa mikono yote miwili, asiseme neno.

Mbele kidogo akamuuliza mwanamke mwenye mtungi. Mwanamke akautua mtungi chini, akajifunika mdomo, akaonyesha. Akamuuliza mchunga mbuzi, akaonyeshwa. Wapita njia walimpisha mpaka wakaingia majanini. Pastory akafurahi, tangu aje Bara hakuwa amepokelewa kwa heshima namna ile. Akamshukuru Mungu kwamba agizo, likifuatwa sawasawa, linafanya kazi.

Alipogeuka nyuma, jua likiwa limeshapita utosini, akaona watu kumi na wawili wanamfuata. Akageuka tena kwenye kilima cha pili, wakawa thelathini. Walikuwa hawapigi kelele. Wanawake wamebeba kuni na unga, wanaume vigoda, mmoja ana beberu anamvuta kwa kamba. Pastory akakumbuka makutano yaliyomfuata Bwana nyikani, akaona wenzake hawa wana akili kuliko wale, hawa wamekuja na chakula chao. Mwanamke mmoja alianza kulia chinichini. Pastory akafikiri ni majuto ya dhambi, akamwombea.

Akawa anajipanga maneno. Sentensi ya kwanza aliitengeneza tangu mtoni, akairudia kila hatua ili asiikosee.

Tereza alikuwa uani anatwanga mtama. Akaona kwanza vumbi, halafu watu, halafu yule wa mbele, peku. Akaulaza mchi chini. Mama Machage, mkwe wake, akatoka jikoni akipangusa mikono. Mzee Makongoro alikuwa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Hakusimama, ila kisu kilisimama.

Pastory akafika kwenye lango la boma. Hakusalimia. Tereza akamwendea moja kwa moja.

"Sema," akamwambia. "Usinizungushe. Ni Machage?"

Ukiwa umebeba sentensi moja tangu mtoni, huwezi kuiacha langoni. Pastory akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kufundishia:

"Nimetumwa kwenu. Alikufa..."

Na hapo ndipo alipokoma kusikika. Mama Machage akaanguka palepale alipokuwa. Nyuma watu thelathini wakafungua vilio vyao walivyovibeba kilometa zote zile. Wanawake wakajitupa chini, wanaume wakaingia bomani wakikimbia huku na huku kama vitani. Mzee mmoja akaanza kusimulia jinsi Machage alivyokuwa mpole toka utoto, jambo ambalo hata kwenye kilio liliwashangaza waliomjua. Pastory alikuwa amebaki katikati, mdomo wazi, na nusu ya pili ya sentensi yake ikiwa bado mkononi mwake.

Alipiga kelele, haikusaidia. Akamshika Tereza mabega, akamsemea sikioni.

"Si Machage. Machage mimi simjui. Huyu ninayemsema alikufa zamani, na akafufuka."

Tereza akamwangalia uso wake. Akaangalia kile kitambaa kwapani. Yeye alikuwa amesoma misheni, na akaelewa kabla ya wote. Akamwendea mkwe wake, akapiga magoti, akamshika kichwa, akamwambia Machage ni mzima, mama, Machage ni mzima, huyu ni mwalimu wa dini. Akaenda kwa mwingine, na mwingine. Vilio vikazimika kimoja kimoja. Wa mwisho kunyamaza alikuwa yule mzee wa sifa za Machage, na alinyamaza kwa uchungu kidogo, maana alikuwa amefika pazuri.

Kimya kilichofuata Nassibu alikikuta. Alikuwa ameingia na baiskeli wakati huohuo, jasho linamtoka. Yeye alikuwa amesalimia kila mtu njiani, na kila mtu alimwambia kwamba kwa Makongoro kuna msiba, kwa hiyo alikuwa ameshatoa kwenye mzigo kipande cha kaniki cha kumpa mama wa marehemu. Akasimama nacho mkononi, hajui akiweke wapi.

Wanaume wakaanza kuongea kwa hasira. Mmoja akasema mtu anayeingiza kifo cha uongo kwenye boma anatakiwa atoe mbuzi wa kupasafisha. Mwingine akasema mbuzi hatoshi, afukuzwe mpaka avuke mto, na asionekane tena upande huu yeye wala kitabu chake. Pastory alisikia lile neno la kitabu, akajua kwamba Butiama imekwisha, na Bunda ilikwisha zamani, na kilichobaki ni mtumbwi wa Rukuba na kaka zake wamekaa ufukweni wanasubiri. Miguu ilikuwa inavuja damu. Akatafuta mahali pa kukaa akaona hana haki ya kukaa.

Makongoro akainua kile kisu kidogo, wakanyamaza.

"Mura," akamwambia Pastory, kama wanavyowaita vijana huku. "Wewe mama yako yuko hai?"

Pastory akasema yuko hai, Rukuba.

"Mimi mama wa watoto wangu huyu nusura nimpoteze sasa hivi, hapo nje ya jiko. Nani alikutuma uje namna hiyo?"

Pastory akafungua kitambaa. Akaitafuta sura ya kumi. Akawasomea: wanafunzi wametumwa wawili wawili, hakuna mfuko, hakuna mkoba, hakuna viatu, na njiani wasisalimie mtu. Akasema hata huko Bunda anakokaa ndivyo anavyokwenda. Watu wakatazamana. Nassibu anasema hapo ndipo hasira ilipogeuka kuwa kitu kingine, kwa sababu wale wazee wote walilitambua lile agizo. Hawakuwa wamelisikia kitabuni. Walilijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani kwake.

"Huyo aliyeyasema," Makongoro akauliza, "alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa Galilaya. Kando ya ziwa."

"Alizijua kazi za ujumbe." Mzee akaweka mpini chini. "Lakini haiwezi kuishia hapo. Mjumbe hatumwi njiani. Soma mbele."

Pastory akasoma. Nyumba yoyote wakiingia, kwanza waitakie amani nyumba ile. Wakae humohumo, wale na kunywa walivyonavyo wenyeji. Wasitangetange kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Alikuwa ameyasoma hayo mara nyingi, lakini sasa alikuwa anayasoma mbele ya watu thelathini waliobeba kuni, na kadiri alivyosoma sauti yake ilikuwa inashuka.

"Umesikia?" Makongoro akamwambia. "Asiyesalimia njiani ni kwa sababu ana nyumba anayokwenda. Ana watu wake. Anazinyima salamu nyumba zingine ili aifikishe yote kwa moja. Sasa nakuuliza. Huko Bunda, ulipokuwa unapita bila kusalimia, ulikuwa unakwenda kwa nani?"

Pastory akafikiri. Alikwenda kisimani akarudi. Alikwenda dukani akarudi. Alikwenda kwenye banda lake la nyasi akakaa.

"Sikuwa nakwenda kwa mtu," akasema.

"Haya. Na aliyekutuma alikutuma kwa nani?"

"Kwa watu wa Bunda. Na ninyi."

"Sisi ndio mwisho wa njia yako," mzee akasema. "Na wale wa Bunda ni hivyohivyo. Ukifika mwisho wa njia unasimama langoni unasema hamjambo humu. Ndiyo amani hiyo unayoisoma. Wewe ulifika, ukaendelea kuwa njiani."

Watu wakacheka, si kwa nguvu. Nassibu akaona ni wakati wake, akasema huyu ni jirani yake, si mtu mbaya, tatizo lake ni kwamba akipewa kamba anaivuta mpaka mwisho. Wakamuuliza kama na yeye ni wa hicho kitabu. Akasema yeye ni wa msikiti, ila kitabu kimesema wawili wawili, na mwenzake ameondoka alfajiri amemwacha, ndiyo maana yametokea yaliyotokea. Akafungua ile kamba ya Kudura iliyofungwa mara mbili, akamtupia Pastory makubazi yake. Hapo kicheko kikatoka sawasawa.

Mama Machage hakucheka. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, Tereza akimpepea huku akimweleza mwalimu alikuwa anamsema nani. Akasema, na sauti yake ilikuwa bado na machozi ndani, kwamba yeye anataka kujua jambo moja. Huyo aliyekufa akaamka, mama yake alikuwepo alipokufa?

"Alikuwepo," Pastory akasema. "Alisimama palepale."

"Na alipoamka, waliambiwa?"

"Wanawake ndio walioambiwa kwanza. Walikimbia kwenda kuwapa wengine habari."

Mama Machage akatikisa kichwa polepole. Alikuwa amelia mwanawe amekufa, na kabla machozi hayajakauka akaambiwa yu mzima. Kama yuko mtu siku ile aliyeielewa habari ile kuliko Padri na misheni yake, ni yeye. Akasema atataka asimuliwe yote, toka mwanzo, asifichwe kitu. Lakini si leo. Leo hana nguvu. Akauliza mwalimu anakaa siku ngapi. Pastory akamtazama Makongoro.

"Kitabu chako kimesema ukae," mzee akasema. "Mimi nikikufukuza nitakuwa napingana nacho. Lakini faini iko palepale."

Wazee wakarudi kwenye suala la mbuzi. Makongoro akakataa. Akasema mtu ambaye hana mkoba utamdai mbuzi wa wapi. Alichokosa ni salamu, na atalipa salamu. Kila mtu aliyempita njiani leo, yupo hapa. Basi awasalimie, mmoja mmoja, salamu ya kwetu, kamili. Jina, nyumbani, watoto, mifugo, mvua. Na asiruke.

Pastory akaanza na yule mwanaume wa Nyamuswa aliyeliacha jembe. Alikuwa anaitwa Stanislausi, jina alilopewa jeshini na hakujua maana yake. Ana watoto watano, mmoja ana kikohozi, ng'ombe wake mwekundu ameharibu mimba. Pastory alikuwa hajazoea, akauliza haraka haraka, na watu waliokuwa wanasikiliza wakamrudisha nyuma kama mtoto wa shule: umeruka mvua, mwalimu. Akarudia. Wa pili alikuwa mwanamke wa mtungi, Petronila, na mtungi wake alikuwa ameuacha njiani, kwa hiyo kulikuwa na suala la nani apelekwe kuuleta. Wa tatu mchunga mbuzi. Wa nne yule aliyekuwa analia chinichini. Alikuwa na kaka yake Kericho pia, akawa analia kwa ajili ya wote wawili.

Alipofika wa kumi, hakuna aliyekuwa anamsahihisha. Alipofika wa kumi na tano, watu walikuwa wanamuuliza na yeye: na kwenu Rukuba, samaki wanapatikana? Ningu bado wapo? Mke wako hajambo? Mna mtoto? Pastory akawaambia bado, na mwanamke mmoja akamtajia mbele za watu mizizi ya kuchemsha ili wapate. Makubazi alikuwa ameyavaa. Tereza alikuwa amemletea maji ya kunawa miguu, akanawa huku anasalimia.

Huku nyuma unga uliokuwa umeletwa haukurudishwa. Hakuna anayebeba unga kwenda kwenye msiba akarudi nao nyumbani, na msiba usipokuwepo unga ni uleule. Wakawasha kuni. Yule beberu akachinjwa, mwenyewe akasema alikuwa ameshamtoa moyoni. Kipande cha kaniki Nassibu alimpa Mama Machage hivyohivyo, akakipokea akajifunika nacho mabegani, maana upepo wa jioni ulikuwa umeanza. Yule mzee wa sifa akaombwa amalizie habari za upole wa Machage, akakataa, akasema yule kijana kusema kweli alikuwa msumbufu.

Kutoka kwenye lango Nassibu alimsikia Pastory anawaambia watu siku za mafundisho. Hakuwaambia kwa sauti ya kufundishia. Alimwambia mmoja kwamba atapita kwake kwanza aangalie yule ng'ombe, halafu watakuja pamoja. Akamwambia mwingine hivyohivyo. Nassibu, ambaye biashara imemfundisha kuhesabu vichwa, akahesabu ishirini na watatu waliosema watakuja, na hapo alikuwa hajafika upande wa wazee.

Jua lilikuwa linagusa vilima. Pastory alikuwa amesimama mbele ya mzee mmoja mwenye mifugo mingi na kumbukumbu nzuri, ambaye alikuwa anamtajia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi. Harufu ya nyama ilikuwa imeshajaa boma zima. Mama Machage akatokea mlangoni pa nyumba kubwa, ameshika mwiko, kaniki mabegani.

"Mwalimu," akaita, "hao waliobaki utawasalimia umekaa. Ugali unapoa. Ingia ndani, mwanangu, uje ule."